Kifauwongo na Umeme wa Majani

Karibu na Garsen, mto Tana unakaribia kumaliza safari yake ya takriban kilomita 1,000. Hapo maji hutandaa kwenye nyanda za mafuriko. Wapokomo hupanda mahindi, mpunga na ndizi, na Waorma hushusha ng'ombe kunywa. Kwenye kingo za tope huota mimosa ya mtoni, kichaka chenye miiba na maua ya waridi yaliyoviringana kama vipira. Ukigusa jani lake, sehemu zake ndogo hufumbana mbili mbili, kuanzia palipoguswa. Mmea mdogo wa ukoo huohuo, mwepesi zaidi wa kufumba, Waswahili wameuita kifauwongo, kwa kuwa hujifanya umekufa.

Jina hilo limebeba swali. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Basi habari ya kuguswa husafiri vipi?

Mwanga wa kwanza ulitoka London mwaka 1873. Charles Darwin, aliyekuwa akichunguza mimea inayokula wadudu, alimshawishi daktari John Burdon-Sanderson apime jani linalonasa nzi. Daktari aliunganisha jani hilo na galvanomita, chombo cha kupimia mkondo mdogo wa umeme. Kila unywele wa ndani ya jani ulipoguswa, chombo kilionyesha badiliko la umeme.

Mwanafizikia wa Calcutta, Jagadish Chandra Bose, aliifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1901 aliwaonyesha wanasayansi wa London kwamba mimea hujibu kwa umeme, na mwaka 1906 akatoa kitabu chake, Plant Response. Wengi walishikilia kuwa ndani ya mimosa ni maji tu yanayosukumana. Bose alipoza sehemu ya kikonyo, na ishara ikapunguza mwendo, kisha ikazuilika. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba kazi hiyo ni ya seli hai. Baadaye ilibainika kuwa msukumo wa maji nao una nafasi yake, hasa jani linapojeruhiwa.

Kupima ni jambo moja, kueleza kwa hesabu ni jingine. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliofanya kazi na mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, waliandika milinganyo iliyoonyesha jinsi ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye utando wa seli na kuzaa ishara. Watafiti wa mimea waliazima muundo huo, lakini iliwabidi wabadilishe wahusika: kwa kawaida kwenye mmea kalisiamu huingia, kloridi hutoka, kisha potasiamu hutoka na kurudisha utulivu. Kwa modeli hiyo, mchoro wa mawimbi uliorekodiwa huanza kusomeka: nani alipita mlangoni, lini, na kwa wingi gani.

Mwaka 2013 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walibandika elektrodi kwenye majani ya mmea mdogo wa maabara, wakaweka kiwavi aanze kula. Ishara ya umeme ilitoka kwenye jani lililoliwa ikafika kwenye majani mengine, nayo yakaanza kutengeneza kinga. Kiwavi huyo ni wa jenasi moja na viwavijeshi vamizi walioonekana Kenya mwaka 2017, maadui wa kila anayelima mahindi. Kwa hiyo elimu hii inamhusu pia mkulima wa Garsen: mmea unaweza kuanza kujihami kabla jicho la mkulima halijaona lolote.

Jani la kifauwongo huanguka kwa sekunde chache, lakini kuinuka tena huchukua dakika kadhaa. Katika muda huo seli hutumia nishati kurudisha ayoni na maji mahali pake. Kuanguka ni rahisi. Kazi kubwa ni kuinuka. Aliyeutungia mmea huu jina hakuwa na galvanomita wala milinganyo. Lakini hakuondoka jani lilipolala. Alisubiri mpaka likaamka, ndipo akajua kifo kile kilikuwa cha uwongo.