Besi Kuukuu za Mpakani

Mnunuzi wa magitaa kuukuu wa Marekani au Ulaya akipewa besi mkononi, haanzi kwa kuipiga. Huifungua. Hung'oa shingo atafute tarehe iliyoandikwa kwa penseli, husoma namba zilizogongwa kwenye kidhibiti kilichofichwa chini ya kitufe cha volyumu, zinazotaja kiwanda, mwaka na hata wiki, kisha hukagua kama risasi iliyounga nyaya imewahi kuguswa na fundi wa baadaye. Swali lake ni moja: katika vile vilivyotoka kiwandani, vingapi vimebaki? Leo Fender alianza kuuza besi yake ya Precision mwaka 1951 huko California, na mwanzoni mwa 1965 kampuni yake ikanunuliwa na shirika la CBS kwa dola milioni 13. Tangu hapo besi iliyotangulia mauzo hayo ina bei yake na iliyofuata ina yake, hata kama zimepishana kwa miezi michache. Rangi ikipakwa upya, bei huporomoka. Kipimo hicho kina mantiki kule kilikozaliwa. Hoja yangu ni kwamba kikibebwa kama kilivyo hadi Kasese, Bwera na Kyarumba, magharibi mwa Uganda karibu na mpaka wa Congo, hakitoi bei ya haki wala historia ya kweli. Huku chombo kilidumu kwa kubadilishwa, na mabadiliko hayo yana sababu zinazoweza kutajwa: umeme, fedha za kigeni, mpaka, na nani alikuwa mwenye mali.

Tuanze na umeme, maana besi ya kisasa bila umeme ni ubao wenye nyuzi nne. Kyarumba iko kwenye miteremko ya Rwenzori, katika nchi ya kahawa, na sauti nzito haikuletwa huko na gitaa. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, wanayo endara, marimba ya magogo yaliyochongwa na kulazwa juu ya migomba, inayopigwa na watu kadhaa kwa pamoja, magogo makubwa yakishika sauti ya chini. Mgomba ukioza hukatwa mwingine, gogo likipasuka huchongwa jingine, na endara hubaki ile ile. Gitaa la umeme, kwa upande wake, lilifuata waya. Mwaka 1956 reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ukawa na kituo chake cha umeme kwenye mto Mubuku. Tambarare ikapata kwa mpigo mambo ambayo dansi haiwezi kuishi bila hayo: watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi, umeme wa kuwashia amplifaya, na njia ya kusafirishia mizigo mizito. Milima haikupata. Halafu ikaja siasa: mwaka 1962 harakati za Rwenzururu za watu wa milimani zilijitenga na ufalme wa Toro, na mgogoro huo haukutulia hadi 1982. Mwaka huo huo Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha utafiti wao juu ya nyimbo za malalamiko za Rwenzururu, ushahidi tosha kwamba milimani watu waliimba miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni waya tu. Besi ya kupanda mlima ilihitaji betri ya gari au jenereta, na amplifaya iliyolishwa kwa umeme unaopanda na kushuka haimalizi miaka mingi na viungo vyake vya kuzaliwa.

Sababu ya pili ni fedha za kigeni, na hapa mwaka 1972 unastahili kutazamwa kwa karibu. Oktoba ya mwaka huo, London, mwizi aliiba kwenye gari besi ya Höfner ambayo Paul McCartney wa Beatles aliinunua Hamburg mwaka 1961. Wiki hizo hizo, Uganda, familia za Waasia zilikuwa zinafunga mizigo kabla ya kwisha siku 90 zilizotolewa na Idi Amin mwezi Agosti. Biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, na walipoondoka hayakuondoka maduka peke yake. Iliondoka barua ya kuagizia, mkopo wa benki, na mtu aliyejua kiwanda gani Ujerumani au Japani kinauza seti ya nyuzi za besi. Miaka iliyofuata fedha za kigeni zikawa adimu, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Muziki haukusimama: Afrigo Band iliundwa Kampala mwaka 1975, katikati ya dhiki hiyo. Lakini bendi iliyofanya kazi miaka hiyo ilitengeneza kilichokuwepo kwa kilichokuwepo. Anayeshangaa leo kwa nini besi ya zamani ya Uganda ina funguo tatu za aina moja na wa nne wa aina nyingine, asome kwanza habari za uchumi wa miaka hiyo.

Kasese, hata hivyo, ilikuwa na mlango ambao Kampala haikuwa nao. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Congo ni ndugu, lugha zao zinakaribiana mno, na Kiswahili ndicho kinachojaza pengo sokoni kati ya Bwera na Mpondwe upande wa Uganda na Kasindi upande wa Congo. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipaa, huku mkulima wa Uganda akilipwa kidogo na bodi ya serikali. Kahawa ikavuka mpaka kwa magendo. Janet MacGaffey na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1991 juu ya uchumi halisi wa Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo, wameeleza jinsi wafanyabiashara wa Kinande wa Butembo walivyojenga mitaji yao katika biashara za aina hiyo. Njia inayopitisha kahawa ikienda hupitisha vitu vingine ikirudi. Upande wa pili wa mpaka ulikuwa nchi ambako gitaa ndilo mfalme, na wanamuziki wake walikuwa wakisogea mashariki kutafuta soko: mwimbaji Samba Mapangala na bendi yake ya Les Kinois walipita Uganda kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977. Ninachokazia ni jambo dogo lenye uzito. Mnunuzi wa ng'ambo huongeza bei kwa besi yenye stakabadhi ya duka la kwanza, sanduku lake na mlolongo wa wenye nayo. Chombo kilichovuka mpaka kwa njia za panya hakikuweza kuwa na karatasi. Karatasi ingemfunga mwenye nacho. Kuipunguzia thamani besi ya mpakani kwa sababu haina stakabadhi ni kuiadhibu kwa kuwa na historia ya mahali ilipokaa.

Kuhusu mwenye mali, ushahidi ulio wazi zaidi uko Tanzania, na unaangaza eneo zima. Bendi kubwa za huko baada ya uhuru zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Urafiki ya kiwanda cha nguo mwaka 1970, Mlimani Park mwaka 1978. Mpiga besi alikuwa na vidole. Besi ilikuwa ya shirika. Aliyehama bendi aliacha gitaa jukwaani. Ndiyo maana katika dansi ya Tanzania neno zito kuliko jina la mwimbaji lilikuwa "vyombo": mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mizani ilianza kuinama upande wa matajiri binafsi, na mwaka uliofuata Hugo Kisima aliwavuta wanamuziki wa Mlimani Park, akiwemo mwimbaji Muhidin Gurumo, kuunda bendi ya International Orchestra Safari Sound. Chombo cha aina hii hakina mpenzi mmoja wa kukifuta vumbi na kukificha chini ya kitanda. Hupigwa usiku kucha, kesho hupigwa na mwingine, na kikiharibika hutengenezwa kabla ya Ijumaa. Magitaa yaliyosalia mazima huko Marekani mengi yalisalia kwa sababu mtu aliyanunua, akashindwa kujifunza, akayasahau darini. Sioni kwa nini kusahauliwa kuwe sifa kubwa kuliko kutumika.

Sasa tuangalie matengenezo yenyewe, maana ndiyo yanayosomwa vibaya. Amplifaya ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ikichomekwa kwenye 240 za Uganda, transfoma inaungua usiku wa kwanza, kwa hiyo inayofanya kazi hadi leo ama ina transfoma ya kando ama iliwekewa nyingine. Mkusanyaji huandika "si ya kiwandani" na kukata bei, ilhali bila badiliko hilo pasingekuwa na amplifaya ya kukatia bei. Nyuzi za besi zilipokosekana, wapigaji katika sehemu nyingi za Afrika walitumia nyaya za breki za baiskeli. Chuma kile hula vyuma vya shingoni na kuivuta shingo, na makovu yake yanaonekana. Pikapu ya besi ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Waya ukikatika ndani, hakuna njia ila kuifumua na kuisuka upya, kazi ambayo fundi redio aliyezoea kusuka transfoma ana mkono wake. Spika ya besi husukuma hewa nyingi kuliko ya solo, hivyo karatasi yake hupasuka mapema, na kiraka cha gundi na kitambaa huwa ni jambo la kawaida. Katika kila mfano nilioutaja, fundi alikuwa anajibu tatizo la wakati na mahali.

Zipo pingamizi mbili za maana. Ya kwanza husema huu ni utetezi wa ufundi mbovu, na kwamba joto na unyevu ndivyo vilivyoviua vyombo. Unyevu ni kweli hukunja shingo na kutia kutu, lakini hauelezi transfoma iliyobadilishwa, wala kukosekana kwa stakabadhi. Ya pili ni nzito zaidi: uhalisi si ushamba wa matajiri, ni maarifa. Ukiparua rangi ya mwaka 1962 umefuta ushahidi ambao haurudi, na ukiruhusu kila kiraka kiitwe historia, umemfungulia mlango tapeli anayeunga shingo ya gitaa hili na mwili wa lile. Nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Mpaka ninaouchora ni kati ya tengenezo lililofanywa ili chombo kilie na lile lililofanywa ili kiuzike. La pili, hasa kupaka rangi ya gari kwenye mbao nzima ili besi ionekane mpya, ni hasara tupu. Lakini wanaotetea uhalisi nao waitazame ile Höfner ya McCartney, iliyotangazwa kupatikana Februari 2024. Mwaka 1964 ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa, ikapakwa rangi upya, na hakuna anayeiona pungufu, kwa sababu habari za matengenezo hayo zinajulikana. Thamani imelindwa na kumbukumbu. Kumbe kinachozitofautisha besi za Bwera na ile ya London ni kwamba fundi wa London aliandikwa.

Leo besi katika nchi hii ya mlimani utaikuta kanisani kuliko ukumbini, na kinanda kimechukua kazi yake mahali pengi, kwa hiyo magitaa ya zamani yanauzwa kwa bei ya kuni. Anayenunua kwa nia ya kuuza nje akumbuke kwamba mbao za mti wa Dalbergia nigra wa Brazil, zilizotumiwa kwenye shingo za magitaa mengi ya zamani, zimewekewa masharti makali ya kimataifa tangu 1992. Chombo bila cheti kinaweza kuishia mikononi mwa forodha. Na fundi, kabla hujang'oa chochote, piga picha. Pikapu iliyokufa, funguo zilizovunjika, hata skrubu zenye kutu, zitie kwenye bahasha, andika tarehe, ulichofanya na kwa nini, kisha mpe mwenye gitaa bahasha hiyo pamoja na gitaa lake.