Vikwazo vya Silaha vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Somalia

Vikwazo vya silaha dhidi ya Somalia viliwekwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 23 Januari 1992, kwa Azimio namba 733, na vikaondolewa tarehe 1 Desemba 2023. Kwa karibu miaka 32, nchi zote zilikatazwa kupeleka Somalia silaha na zana za kijeshi. Marufuku hiyo ilitolewa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, hivyo kila nchi ililazimika kuitii.

Serikali ya Mohamed Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, na Mogadishu ilikuwa ikigombewa na wapiganaji wa Ali Mahdi Mohamed na wa Mohamed Farrah Aidid. Ghala za jeshi la zamani, zilizojazwa na Wasovieti na baadaye Wamarekani zama za Vita Baridi, zilikwisha kuporwa. Bunduki nyingi zilizoua watu katika miaka hiyo ya mwanzo hazikuhitaji kuvuka mpaka wowote.

Kasoro kubwa ilikuwa usimamizi. Kamati ya vikwazo iliundwa Aprili 1992, lakini kwa miaka kumi haikuwa na wachunguzi wake. Ndipo mwaka 2002 Baraza lilipounda jopo la wataalamu lenye makao Nairobi. Ripoti zake zilithibitisha mambo ambayo wakazi wa Mogadishu walikuwa wakiyaona kila siku: silaha ziliuzwa waziwazi katika soko la Bakara, shehena nyingine zikiletwa kwa majahazi kutoka Yemen. Ethiopia na Eritrea, zilizopaswa kuitekeleza marufuku, zilitajwa kuwa kila moja ilikuwa ikiupa silaha upande wake. Marufuku inayotegemea jirani mwenye masilahi vitani haiwezi kushika. Desemba 2009 Eritrea yenyewe iliwekewa vikwazo vya silaha, kwa sababu mojawapo ya kuyasaidia makundi yenye silaha Somalia. Viliondolewa Novemba 2018.

Baraza lilijaribu pia kuziba chanzo cha fedha. Februari 2012, kwa Azimio namba 2036, lilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa wa Somalia, bidhaa iliyoliingizia kundi la wapiganaji wa Kiislamu la Al-Shabaab fedha nyingi kupitia bandari ya Kismayo, wanunuzi wakubwa wakiwa nchi za Ghuba. Majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali waliutwaa mji huo mwaka uleule, lakini ripoti za wachunguzi zilieleza kwamba mkaa uliendelea kutoka.

Serikali ya shirikisho iliyoingia madarakani Septemba 2012 ilijikuta inapigana na Al-Shabaab huku ununuzi wake wa silaha ukibanwa na marufuku iliyowekwa kabla haijazaliwa. Azimio namba 2093 la Machi 2013 liliilegezea masharti kwa silaha nyepesi, ingawa ilipaswa kuitaarifu kamati. Ulegezaji huo ulikuwa wa haki, lakini haukukosa madhara: mwaka uliofuata wachunguzi waliripoti kwamba baadhi ya silaha za serikali zilivuja hadi kwa wanamgambo wa koo na masokoni. Kwa sababu hiyo Baraza lilisisitiza usajili wa silaha na ulinzi wa ghala, kazi isiyo na sifa lakini yenye manufaa kuliko maazimio mengi.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilipitia njia kama hiyo kwa kasi zaidi. Vikwazo vya silaha vya mwaka 2003 vilivyolenga makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri, mashariki mwa nchi hiyo, vilipanuliwa baadaye, kisha Machi 2008 vikabakizwa kwa makundi yasiyo ya serikali tu.

Somalia ilifikia hatua hiyo kwa maazimio mawili ya tarehe 1 Desemba 2023. Azimio namba 2714 liliiondolea nchi marufuku ya mwaka 1992. Azimio namba 2713 liliendeleza vikwazo dhidi ya Al-Shabaab, pamoja na udhibiti wa vifaa vinavyoweza kutengenezea mabomu na marufuku ya mkaa.