Ngome Iliyojengwa Mara Mbili

Neno boma limesafiri mbali katika Kiswahili. Lilikuwa ua wa miiba au wa magogo, unaowakinga ng'ombe na watu usiku. Wajerumani walipofika bara na kujenga ngome za mawe, nazo zikaitwa boma, na hata leo aendaye kwa mkuu wa wilaya husemwa amekwenda bomani. Gereza nalo lilitoka kwa Wareno likiwa na maana ya kanisa, likaishia kuwa mahali pa wafungwa. Jengo hubomoka, neno likabaki na kumbukumbu yake.

Zama zile zile maboma yalipokuwa yakiinuka katika Afrika ya Mashariki, mtawala wao alikuwa akijenga ngome nyingine kwao. Mwaka 1897 Kaisari Wilhelm wa Pili aliamuru ngome ya Saalburg, katika milima ya Taunus, isimamishwe upya. Hiyo ilikuwa ngome ya Warumi, iliyolinda mpaka wa dola yao kwa askari wapatao 500, kisha ikahamwa yapata mwaka 260 baada ya Kristo. Mfano aliouagiza haukuwa wa kuwekwa mezani. Ulikuwa wa kipimo cha asili, mita 147 kwa 221, juu ya misingi ile ile. Louis Jacobi, msanifu wake, alifuata yaliyofukuliwa ardhini, na kazi ikakamilika mwaka 1907.

Wataalamu wa baadaye waliona kasoro. Mawe ya ukuta yaliachwa wazi, ilhali Warumi waliyapaka lipu nyeupe. Na meno ya juu ya ukuta yalikaribiana mno. Chini, penye ushahidi, mfano ulisema kweli. Juu, pasipo na ushahidi, ulisema matamanio ya mjenzi. Mbele ya lango kuu pakawekwa sanamu ya Kaisari Antoninus Pius, na maandishi ya Kilatini yakamtaja Wilhelm, mtawala wa Wajerumani, sambamba na mtawala wa Warumi, kana kwamba mmoja amemrithi mwenzake.

Wilhelm alirithi mpaka mwingine pia. Mkataba wa 1886 baina ya Ujerumani na Uingereza ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10 tu katika mwambao wa bara, na huko bara ukachora mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Kilimanjaro. Ziwa hilo limelala chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, ilimo Ngujini. Wapare, ambao chuma chao kilikuwa kikiwafikia Wachaga tangu zamani, wakawa watu wa mpakani bila ya kuulizwa. Milima yao ikageuka ukuta wa dola ya mtu mwingine.

Kisha ukaja mwaka 1900. Tarehe 2 Machi, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenziwe. Tarehe 11 Oktoba ya mwaka huo huo, Wilhelm aliweka jiwe la msingi katika Saalburg. Kati ya kitanzi na jiwe hilo ilipita miezi saba. Kichwa cha Meli kinaaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Ngome ya Warumi ilipata wa kuirudishia kila jiwe. Mwili wa Meli haukupata wa kuurudishia kichwa chake.

Kwa kipimo cha moja kwa mia, Saalburg nzima ingeenea katika ua wa nyumba moja ya Ngujini: mita 1.47 kwa 2.21. Udongo wa mlimani ungetosha kwa kuta, vijiti kwa mapaa, na askari asingefika sentimita mbili. Lakini nje ya malango ya ngome ile palikuwa na kijiji cha wachuuzi, mafundi na familia, ambacho Wilhelm hakukisimamisha kama alivyosimamisha kuta. Na ng'ambo ya mpaka waliishi wale ambao kuta zilijengwa kwa ajili yao. Mfinyanzi wa Upare, ambaye wazee wake waliutazama ukuta wa dola kutoka nje, angekuwa na sababu ya kuanza na watu hao, na lango akaliacha mwisho.