Kabla ya Stima, Kulikuwa na Betri

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikuwa gizani. Kwetu mtaani tulikaa kwenye ngazi za ploti, simu zikiwa na chaji ya kuomba Mungu, tukasikia kitu cha ajabu: muziki. Jirani wa juu alikuwa ameweka betri ya nyumbani, ile ya kufungwa ukutani, na spika zake hazikuwa na habari kwamba kuna giza.

"Huyu jamaa yuko mbele," mtu akasema.

Nikacheka kimoyomoyo. Mbele ya nani? Mjomba wangu alikuwa akipiga muziki kwa betri kule Mumias nikiwa bado mtoto wa kaptula.

Sisi wa mjini tunadhani mambo yalikwenda hivi: kwanza stima, halafu muziki, halafu betri ya kutuokoa stima ikikatika. Kumbe kwa Wakenya wengi sauti ilifika kwanza, na iliyoibeba ni betri. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, hasa kwa ajili ya walowezi. Redio za enzi hizo zilitumia vali za kioo, na nje ya mji zilihitaji betri mbili: moja ya kupasha vali moto, nyingine ya volti nyingi. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ikatoka redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyouzwa pauni 5 kwa Waafrika wasio na umeme. Halafu transista ikaja, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikaanza kuuzwa Marekani. Sasa redio iliweza kuishi kwa mawe machache tu. Mawe ya redio unayajua: yakiishiwa nguvu, nyanya anayaanika juani ili apate taarifa ya habari ya jioni.

Lakini mawe hayawezi kusukuma amplifaya. Disko matanga inahitaji besi inayotikisa mabati, na hapo ndipo betri ya gari ilipoingia. Mjomba alikuwa na amplifaya ya gari, spika mbili za mbao na baiskeli. Betri aliifunga kwenye keria akaipeleka sokoni, kwa mwenye posho mill ya dizeli, aliyechaji betri za kijiji kizima.

Kuna usiku mmoja betri yake ilikuwa imekufa, akaazima ya matatu ya rafiki yake. Muziki ulianza saa tatu. Kufikia saa tisa usiku spika zilikuwa zinakwaruza, lakini nani angethubutu kuzima? Asubuhi matatu ilikataa kuwaka. Abiria wa siku ya soko wakaenda na gari lingine. Mjomba alilipa betri mpya, na mbuzi wa nyanya akaenda nayo. Hawakuongea, yeye na yule rafiki, kwa miaka miwili.

Kosa halikuwa la ushamba. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ichajiwe tena. Ya volti 12 na ampea-saa 60 inabeba kama wati-saa 720, ila ukizidi nusu unaanza kuiua. Na amplifaya za zamani ziligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ya mjomba ungeweza kuotea moto.

Betri ya jirani ni kizazi kingine. Betri za ioni za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, na nyingi za nyumbani leo ni zile za lithiamu na fosfati ya chuma, zinazovumilia kutumiwa karibu zote, maelfu ya mara. Amplifaya za kisasa za daraja D nazo hazipotezi umeme ovyo. Ila kazi ni ileile aliyoifanya mjomba. Kilichobadilika ni mwenyewe. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba chini ya robo ya kaya za Kenya ziliwasha taa kwa umeme. Betri ilikuwa ya asiye na stima, na ilizunguka kijiji kizima. Leo ya bei ghali inanunuliwa na mtu ambaye tayari ana stima, na inafungwa ndani ya nyumba yake.

Nilimpigia mjomba kabla simu haijazima. Nikamweleza juu ya betri ya ukutani. Hakuuliza bei wala ukubwa.

"Na nyinyi majirani mnachaji simu kwake?"

Nikapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi, ekstensheni imevutwa hadi kwenye korido, simu saba zimepangwa sakafuni. Nikaweka yangu ya nane.