Buibui Mwenye Majina Mawili

Haya ndiyo maneno yaliyosomwa redioni. Yafuateni kwa kidole, mstari kwa mstari.

Hebu fikiri kidogo. Mtu mmoja ameandikwa katika daftari la kijiji kwa jina la Juma Ali. Akienda mjini, karani mwingine anamwandika Baba Asha. Miaka ikipita, wasomaji wa madaftari hayo watasema, "Hawa ni watu wawili." Je, hilo ni kosa dogo? Sivyo. Huenda akadaiwa mara mbili, au akanyimwa haki yake ya shamba. Jambo kama hilo lilimpata buibui mmoja wa Kenya na Tanzania.

Buibui huyu ni mkubwa. Akikunjua miguu yake minane, aweza kuenea sahani. Rangi yake ni kama kutu ya chuma. Hatandi utando pembeni mwa nyumba. Yeye ni mchimbaji. Miguu yake miwili ya nyuma ni minene na imepinda, nayo humsaidia kuchimba. Mchana hukaa chini shimoni. Usiku hungoja mlangoni, na panzi akipita humkamata.

Akichokozwa huinua miguu ya mbele, akasugua manyoya yake magumu, ikatoka sauti ya kufoka. Hilo ni onyo. Meno yake hushuka kutoka juu kwenda chini, kama majembe mawili, na akiuma maumivu ni makali. Kwa hiyo usitie kidole shimoni mwake. Lakini yeye hamwindi mtu. Ukimwacha, naye atakuacha.

Sasa tusome historia yake. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Gustav Fischer, aliyekuwa akikaa Unguja, alianza safari ya kwenda Umasaini. Alitumwa na chama cha jiografia cha mji wa Hamburg. Aliondoka Pangani pamoja na wapagazi, na mwaka 1883 akafika Naivasha. Buibui waliokusanywa safarini walipelekwa Ujerumani. Huko mtaalamu Ferdinand Karsch aliwachunguza, na mwaka 1885 akapiga chapa orodha yao. Buibui wetu akampa jina la Pelinobius muticus.

Kwa nini maneno mawili? Desturi hiyo ilienezwa na Mswedi Carl Linnaeus katika karne ya 18. Neno la kwanza ni kama jina la mlango wa ukoo. Neno la pili ni la aina yenyewe. Kwa njia hiyo mtaalamu wa Japani na mtaalamu wa Brazili hujua kwamba wanazungumza habari za kiumbe kimoja. Ukoo mkubwa wa buibui wetu ni ule wa tarantula, nao una aina zaidi ya 1,000.

Mwaka 1900, huko London, Reginald Pocock aliandika habari za buibui mkubwa wa Afrika ya Mashariki. Akamwita Citharischius crawshayi, kwa kumheshimu bwana mmoja aitwaye Crawshay. Jina hilo likashika. Wafugaji wa buibui wa Ulaya na Marekani wakalitumia miaka mingi. Lile la Karsch likabaki kimya kitabuni.

Mwaka 2010 mtaalamu Richard Gallon alionyesha kwamba hao wawili ni buibui yule yule. Sasa lifuatwe jina lipi? Kanuni ya wataalamu ni fupi: jina lililotangulia kupigwa chapa ndilo lishike. Basi jina la 1885 likalishinda la 1900. Miaka 125 ilikuwa imepita. Fischer alikuwa amekwisha kufa, na Karsch pia, lakini karatasi ilisema kwa niaba yao.

Tazama jambo moja zaidi. Wapagazi walichukua mizigo ya safari ile. Wenyeji walikaa na buibui huyu kabla Fischer hajazaliwa. Lakini hawamo katika jina lake. Si kwamba hawakujua kitu. Waliotia maandishi kitabuni ndio waliotoa jina. Maneno ya mdomo huenda na mwenyewe. Maandishi hubaki.

Tena buibui hawa wamekuwa wakichimbuliwa na kuuzwa nchi za mbali. Jike hukua polepole, na aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Shimo lililofukuliwa kwa dakika chache halipati mwenyewe mwingine upesi. Anayejua hayo hataona sababu ya kumchimbua wala ya kumwua bure.

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja jina la buibui wa shimoni kwa lugha ya kwenu. Liandike daftarini. Chini yake andika jina la mzee huyo, jina lako, na tarehe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.