Maktaba ya udongo ya Muyinga na matanuri ya Kasulu

MTU anayepita katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu hadi Kibondo, huona nyumba nyingi za matofali mekundu na, kando ya makazi, matanuri yanayolishwa magogo. Tofali la kuchoma ni fahari ya mwenye nyumba. Lakini kila tanuri hula kuni nyingi, tena katika mkoa ambao misitu yake imeelemewa pia na mahitaji ya kambi za wakimbizi: Nyarugusu wilayani Kasulu tangu mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015.

Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, limo jengo linalostahili kutazamwa na wajenzi wa upande huu. Waha na Warundi husikilizana kwa lugha, na wanaishi katika vilima vinavyofanana. Jengo lenyewe ni maktaba iliyokamilika mwaka 2012, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi chini ya asasi ya ODEDIM. Waliolisanifu ni vijana wa ofisi ya BC Architects ya Brussels, Ubelgiji, ambao kabla ya kuchora walizunguka vijijini na mijini wakitazama jinsi wenyeji wanavyojenga na, zaidi, wanavyokaa.

Walichokiona mara kwa mara ni baraza. Mvua ikinyesha watu hujibanza hapo. Jua likiwaka huzungumza hapo, husubiri na kusalimiana. Kwa sababu hiyo maktaba imepangwa kufuata baraza refu lenye nguzo nyingi zilizokaribiana. Upande mmoja wake kuna milango mipana ya mbao. Ikifunguliwa, maktaba na uwanja wa jirani huwa kitu kimoja, na bonde lote huonekana.

Ndani ndimo mlimo na mchezo. Kwa kuwa paa liko juu sana, wasanifu walitandika katikati ya kimo hicho wavu mkubwa wa kamba za mkonge zilizosukwa kwa mkono. Mtoto hupanda na kitabu chake, akajilaza akining'inia juu ya wenzake waliokaa chini kwenye kona ya mbao. Wako watakaosema huo ni utundu wa mafundi wenye muda wa ziada. Mwandishi hakubaliani nao: mtoto asiyesikia husoma kwa macho na kwa mwili, na wavu ule unamwalika kabla ya mwalimu kumwita.

Kuta hazikuchomwa. Mashine mbili za mkono za kubana matofali zilipatikana zikiwa nzima chini ya vumbi la miaka 15, na udongo wa papo hapo ukawa malighafi kuu. Boriti ni za mikaratusi. Matundu yaliyoachwa kati ya matofali huingiza upepo, na joto hutokea juu. Jengo lina meta za mraba 140, na bajeti yake ilikuwa kama euro 40,000.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba moto uliepukwa kabisa. Paa lina vigae vya kuchoma, vilivyochaguliwa badala ya mabati. Aidha, tofali la udongo mbichi ni adui wa maji: bila msingi ulioinuka na paa lililochomoza, mvua za Kigoma, zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Mei, zingelilamba.

Hapa nchini teknolojia hiyo si ngeni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, ambayo ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kwa mashine na kumwagiliwa maji siku kadhaa hadi ukakomaa. Hayahitaji kuni. Hatua ya kwanza haina gharama: fundi hutia udongo katika chupa angavu, akaongeza maji, akatikisa na kuiacha itulie. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Ukipungua mno, halitashikana.

Huko Muyinga, upande wa pili wa baraza uliachwa wazi ili shule ijayo ije kuunganishwa hapo.