Mabango ya Kupinga Ukatili Dhidi ya Wanawake: Kutoka London hadi Kampala

Mabango ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake yalishamiri pamoja na harakati za wanawake za miaka ya 1970. Nchini Uingereza, vipigo ndani ya ndoa vilihesabiwa kuwa siri ya nyumbani, na mara nyingi polisi hawakupenda kuingilia. Mwaka 1971 nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo ilifunguliwa Chiswick, London. Mwaka 1974 kikaanzishwa katika jiji hilohilo kikundi cha See Red Women's Workshop. Wanachama wake walichapa mabango kwa mikono, wakipitisha wino kwenye kitambaa kilichowambwa katika fremu. Kazi hiyo haikuhitaji mtambo wa gharama, hivyo wanawake walijiamulia wenyewe maneno na picha. Kikundi kilidumu hadi mwaka 1990.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1992. Uchunguzi miongoni mwa wanafunzi wa jiji hilo ulikuwa umeonyesha kwamba baadhi ya vijana, wavulana kwa wasichana, waliona zipo hali zinazomruhusu mwanamume kumpiga mwanamke. Kamati ya wanawake ya halmashauri ikaamua kuwafikia wakazi wote kwa kampeni iliyoitwa Zero Tolerance, yaani kutovumilia ukatili hata kidogo. Mabango yake yalibandikwa hadharani, hata katika Princes Street, barabara kuu ya maduka.

Picha zilipigwa na Franki Raffles, mpigapicha aliyezoea kuonyesha maisha na kazi za wanawake. Zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, na hazikuonyesha jeraha, damu wala mwanamume aliyeinua ngumi. Wanawake na watoto walionekana katika nyumba nadhifu, wengine wakisoma, wengine wakicheza. Maneno ya chini ndiyo yaliyobeba uchungu. Bango moja lilieleza kuwa mume ni mfanyabiashara aliyefanikiwa, baba mwenye upendo na mtu wa heshima, kisha likasema kwamba wiki iliyopita alimpiga mkewe hadi akalazwa hospitali. Jingine lilikumbusha kwamba wanaobakwa ni wa kila umri, kuanzia watoto wadogo hadi vikongwe.

Uamuzi wa kutoonyesha majeraha ulikuwa na maana nzito. Picha ya mwanamke aliyevimba uso humfanya mtazamaji amwonee huruma, kisha ajiambie kwamba mambo hayo hutokea kwa walevi na maskini. Mabango ya Edinburgh yaliondoa kisingizio hicho, yakauweka wajibu mabegani mwa mtenda ukatili. Kampeni ilidai pia mambo matatu kwa pamoja: kuzuia ukatili, kuwahudumia walioumizwa na kuwapa ulinzi wa kisheria. Raffles alifariki mwaka 1994 kutokana na matatizo ya uzazi, lakini halmashauri nyingine za Uingereza zilikuwa zimeanza kuitumia kampeni hiyo.

Afrika Mashariki ilikuza njia yake. Shirika la Raising Voices, lililoanzishwa Kampala mwaka 1999, lilitoa mwaka 2008 mpango uitwao SASA!, jina la Kiswahili linalohimiza mabadiliko bila kungoja. Bango la SASA! ni mchoro wa kuzungumziwa. Mwanaharakati anayeishi mtaani huuonyesha kwa majirani na kuwauliza wanaona nini, nani ana nguvu, na wao wangefanya nini. Badala ya kuhubiriwa, watu hujadili matumizi ya nguvu kati ya mume na mke.

Mpango huo ulipimwa katika jamii nane za Kampala, katika utafiti ulioanza 2007, kabla ya mpango kutolewa, na kumalizika 2012. Kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa takribani asilimia 52 katika jamii zilizoupata, kikilinganishwa na jamii ambazo hazikuupata. Mabango yalikuwa sehemu moja tu ya kazi hiyo, pamoja na maigizo, mafunzo na mazungumzo ya nyumba kwa nyumba. Bango huanzisha mjadala. Mabadiliko huhitaji majirani, viongozi, polisi na watoa huduma za afya watakaouendeleza.